Turbo na Kuanguka kwa Bi Inez

Wendell Haugen alikuwa na sifa moja mtaani kwake, na sifa yenyewe haikuwa yake. Watu wa mtaa ule wa mlimani, huko Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa, walimjua kuwa ni mtu wa mbwa. Miaka nenda miaka rudi walimwona akipita na Kapteni, mbwa mweusi mkubwa aliyetembea ubavuni mwake bila kamba, akisimama Wendell aliposimama, na kukaa chini mwenyewe kila walipofika ukingoni mwa barabara. "Wendell huyu angeweza kumfundisha hata dubu," watu walisema. Wendell alicheka kidogo, akaivuta kofia yake usoni, akapita. Hakuwahi kuwaambia kwamba aliyemfundisha Kapteni ni mkewe, Arlys, aliyeshinda naye uani kiangazi kizima akiwa na vipande vya soseji mfukoni, wakati yeye Wendell akiendesha treni ya madini. Alipostaafu na kuanza kumtembeza, Kapteni alikuwa ameshaiva.

Arlys aliondoka kwa saratani. Kapteni naye, kwa uzee, akamfuata. Nyumba ikabaki na sauti ya jokofu tu, na Wendell akaona hapana, atakwenda kutafuta mbwa mwingine.

Kwenye kituo cha wanyama waliookolewa alipokewa na mwanamke mmoja mfupi, mwenye nywele ndefu alizozifunga kwa nyuma, jina lake Tonya Bellanger. Tonya alimpitisha mbele ya vizimba, akamwonyesha mbwa mzee aliyelala, na mwingine mnene aliyepiga miayo. Wendell hakuwatazama mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye kizimba cha mwisho, ambako mbwa kijana wa rangi ya kijivu, sikio moja limesimama na jingine limelala, alikuwa akiruka juu na kushuka kana kwamba sakafu inamuunguza.

"Huyo anaitwa Turbo," Tonya alisema. "Na jina lenyewe linakuonya."

"Ana nini?"

"Hana ubaya wowote. Ni kijana, ana nguvu za kuvuta gari, na hajafundishwa kitu. Alikutwa amefungwa kwenye uzio wa nyumba iliyohamwa. Watu wawili wamemchukua, na wote wamemrudisha. Huyu asubuhi lazima akimbie, jioni akimbie tena, na katikati umpe kazi ya kuchosha kichwa. Usipompa kazi atajitafutia mwenyewe, na hutaipenda."

"Namtaka."

"Sawa. Jumamosi tuna darasa la kufundisha mbwa na wenyewe. Ni bure kwa kila anayechukua mbwa hapa."

Wendell alihisi ametukanwa. "Dada yangu, mimi nimelea mbwa kabla wewe hujazaliwa."

Tonya alimtazama, kisha akaitoa kamba iliyotundikwa msumarini na kumkabidhi. "Haya, mzee. Ila darasa lipo."

Jumatatu Turbo alikula mkono wa kochi. Baada ya hapo alikula kofia ya sufu aliyoifuma Arlys, kiatu kimoja cha Wendell na nusu ya mlango wa bafuni. Wendell alimpeleka matembezini, na Turbo, alipoona kindi ng'ambo ya barabara, alimburuta kwa makalio mteremko mzima hadi kwenye sanduku la posta. Mpeleka barua alikuwa amesimama pale pale.

"Wendell! Nani anamtembeza nani leo?"

Wendell alijifuta theluji, akacheka naye. Lakini kicheko kile kilimsumbua siku nzima. Tangu hapo akawa anamtoa mbwa kwa kuchungulia kwanza dirishani, aone kama hakuna mtu njiani. Baridi ya Januari ilipokaza, akapata sababu nzuri ya kutomtoa kabisa. Alimfungulia mlango wa nyuma tu. Turbo akawa anaizunguka ile theluji ya uani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi akachimba mfereji kando ya uzio, huku Wendell akimtazama kutoka jikoni na kikombe cha kahawa mkononi. Siku ya darasa ilifika, ikapita. Ikafika nyingine, ikapita. Angeingiaje mle ndani, yeye, Wendell wa Kapteni, akasimama na vijana na vimbwa vyao?

Jirani yake wa kushoto alikuwa Inez Koskela, mjane aliyepita umri wa miaka themanini, mpishi wa shule mstaafu, mwenye ulimi mkali na miguu imara. Theluji ya mlangoni kwake aliikwangua mwenyewe kwa sepetu, na alimfokea yeyote aliyejaribu kumsaidia. Asubuhi moja alikuwa kwenye njia ya mbele ya nyumba yake, ndoo ya mchanga mkononi, akimwaga mchanga juu ya barafu kama alivyofanya kila asubuhi.

Wendell alifungua mlango wa mbele kuchukua gazeti. Hakuwa na kamba mkononi, wala hakudhani kwamba Turbo yuko nyuma yake. Sungura mmoja alikatiza ua. Turbo alimpita Wendell katikati ya miguu, akashuka ngazi bila kuzikanyaga, akavuka kwa Bi Inez kwa kasi yake yote, na kumpiga Bi Inez nyuma ya magoti. Yule mama alianguka kwa kutanguliza mkono. Wendell, kutoka barazani kwake, alisikia mfupa ukivunjika. Mbwa hakusimama. Alikunja kona nyuma ya gereji akimfuata sungura wake, akatoweka.

Wendell alipomfikia, Bi Inez alikuwa amelala ubavu, miwani imeruka mbali, paji la uso lina damu kidogo. Alifumbua macho.

"Wendell? Nimeteleza?"

Wendell alitazama barabarani. Hapakuwa na mtu. Alitazama njia: mchanga umetapakaa kila mahali, hata mtoto asingeteleza pale. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli, na nafasi ile ilikuwa fupi, na alisema lingine.

"Umeteleza, Bi Inez. Barafu."

"Lakini nimetia mchanga."

"Barafu haijali mchanga. Usijitikise. Naita gari la wagonjwa."

Alimvua kofia, akamvika yake iliyo nzito zaidi. Alikwenda naye hospitali, akakaa naye mpaka kifundo cha mkono kikafungwa plasta ngumu, akamrudisha nyumbani na kumchemshia supu. Alipofika kwake alimkuta Turbo ameketi mlangoni akimngoja, ulimi nje, furaha tele. Akamwingiza ndani haraka, akafunga mlango.

Jumapili, kwenye kahawa ya baada ya ibada, watu walimjia mmoja mmoja. "Bahati yake ulikuwepo." "Wangapi siku hizi wangemwacha pale?" Mchungaji alimshika bega mbele ya watu. Wendell alisema, "Si kitu, si kitu," na akaona kwamba kadiri anavyokataa ndivyo wanavyozidi kumsifu. Kahawa ilimshinda. Aliimwaga kwenye sinki walipogeuka.

Na kama hiyo haikutosha, Bi Inez mwenyewe alikuja kugonga mlango, mkono mmoja umetundikwa shingoni na mwingine umebeba mkate mtamu wa iliki, ule wanaousuka Wafini, watu wa kwao.

"Nimeukanda kwa mkono mmoja," alisema. "Ukiona umekaa upande, usinicheke, kijana."

"Bi Inez, hukupaswa..."

"Nyamaza, chukua. Umenibeba kama mama yako." Akachungulia ndani. "Na huyo mbwa wako mpya mbona umemficha? Watu wanasema ana mambo."

"Amelala," Wendell alisema, huku Turbo akikwaruza mlango wa chumbani.

Mkate aliuweka mezani, akakaa akiutazama. Hakuweza kuukata. Alipokwenda kumfungulia Turbo, mbwa alipanda juu ya kiti, akaula wote kabla Wendell hajasema lolote, na Wendell alishukuru kwamba umeondoka machoni pake.

Baada ya hapo alikuja Roger, mtoto wa Bi Inez, kutoka Minneapolis. Alimkuta Wendell akikwangua theluji kwenye kioo cha gari.

"Wendell, sijui nikushukuru vipi. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nampeleka mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee, karibu na kwangu. Dalali anakuja wiki hii kuiangalia nyumba."

"Kwa ajili ya mkono tu? Mkono utapona."

"Mkono si tatizo. Tatizo ni kuanguka." Roger alishusha sauti. "Pale alipoanguka pana mchanga, Wendell. Nimepaangalia. Daktari anasema mtu wa umri ule akianguka bila sababu, ataanguka tena. Na mwenyewe hakumbuki ilivyokuwa. Anasema mambo ya ajabu."

"Mambo gani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi yananiumiza."

Wendell alikwenda siku hiyo hiyo. Alimkuta Bi Inez jikoni, akitembea huku ameshika ukingo wa meza, kisha kiti, kisha ukuta. Mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi kuangusha theluji ya paa sasa alikuwa anaiomba ruhusa sakafu yake mwenyewe.

"Keti," Bi Inez alisema. "Wewe ulikuwepo. Hebu niambie nilivyoanguka."

"Uliteleza tu."

"Mguu upi?"

"Sikuona vizuri."

Bi Inez aliketi mkabala naye. "Kila nikijaribu kukumbuka, siuoni mguu wowote ukiteleza. Nahisi nimesukumwa. Kwa nyuma, hapa." Aligusa nyuma ya goti. "Nikamwambia Roger. Akanitazama jinsi nilivyokuwa nikimtazama yeye alipokuwa mdogo na kusema kuna mtu chini ya kitanda. Sasa nasema, pengine mwanangu yuko sahihi. Pengine kichwa kimeanza kwenda. Mama yangu kilimwenda hivyo hivyo." Akamtazama Wendell, na macho yake, ambayo siku zote yalikuwa makavu, yalikuwa yanaomba kitu. "Unaonaje wewe? Mtu anaweza kuhisi kitu ambacho hakikutokea?"

"Hutokea," Wendell alisema.

Alitoka mle ndani bila kuona anakokanyaga. Uwongo wa kwanza ulimponyoka kwa hofu. Huu wa pili aliutoa ameketi, ametulia, akimtazama mama wa watu usoni. Nyumbani kwake hakuwasha redio wala kula. Turbo alimletea kipande cha kiatu, akakitua miguuni pake, akangoja. Wendell akakasirika. Akajiambia kwamba mwenye makosa ni huyu. Akimtoa huyu nyumbani, yote yatapungua uzito.

Asubuhi alimpakia garini, akampeleka kituoni. Turbo alifurahi sana kupanda gari, akatoa kichwa dirishani njia nzima.

Tonya aliwaona wakiingia, na hakuonyesha mshangao. "Amefanya nini?"

"Hasikii."

"Umekuwa ukimkimbiza?"

Wendell aliikunja kamba mkononi.

"Darasani nilikungoja. Nikasema pengine mzee anamfundisha mwenyewe." Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliuma. Alichuchumaa, Turbo akamlamba sikio. "Sawa. Nitampokea. Sitakulazimisha kuishi na mbwa usiyemtaka. Ila niambie ukweli alichofanya, ili huyo atakayekuja baada yako ajue anachopewa. Ameuma mtu?"

"Hapana! Hajauma mtu."

"Basi nini?"

Turbo alikuwa amerudi, ameegemea mguu wa Wendell kwa uzito wake wote, kichwa juu, akingoja aambiwe wanakwenda wapi tena. Wendell alifungua kinywa kusema neno jingine la kujiokoa, na kwa mara ya kwanza hakulipata. Angemsingizia nini mnyama huyu? Alikuwa ameshamweka mama mwenye akili timamu katika hali ya kujidhania mwendawazimu. Sasa angempa na mbwa jina baya la kuzunguka nalo?

"Hakuna alichofanya," alisema. "Mimi ndiye sikufanya niliyopaswa." Akaishika kamba, akatoka.

Alipofika mtaani, mbele ya kwa Bi Inez palikuwa na gari jeupe asilolijua. Akamwacha Turbo ndani ya gari lake, akaenda, akagonga, akaingia bila kusubiri. Dalali, mwanamke nadhifu aliyebaki na soksi miguuni baada ya kuvua viatu mlangoni, alikuwa anapima dirisha la sebuleni. Roger alishika ncha ya pili ya futi. Bi Inez alikuwa kwenye kiti chake, amewapa mgongo.

"Bi Inez hakuteleza," Wendell alisema.

Wote watatu walimgeukia.

"Ni mbwa wangu. Nilifungua mlango akanipita. Alikuwa na wiki nzima hajatolewa, akamfukuza sungura, akampiga nyuma ya magoti. Niliona kila kitu. Kichwa chako kizima, Bi Inez. Ulisukumwa kweli."

Futi ilimponyoka Roger, ikajikunja kwa kelele mpaka mkononi mwa dalali.

Bi Inez hakupaza sauti. "Siku ile nilipokuuliza. Hapo jikoni. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniambia hutokea."

"Ndiyo."

"Nimekaa usiku na mchana najiuliza ni siku gani nitasahau jina la mwanangu," Bi Inez alisema. "Nimeanza kuyaandika majina ya wajukuu nyuma ya kalenda. Na wewe uko hapo, ukuta kwa ukuta, unakula mkate wangu."

Wendell hakuthubutu kusema kwamba hata mkate hakuula.

Roger alichomoa simu mfukoni. "Nitapiga simu manispaa sasa hivi. Mbwa wa hatari kama huyo lazima achukuliwe!"

"Roger, acha simu," mama yake alisema.

"Mama, amekuvunja mkono!"

"Amenivunja mkono, ndiyo. Mbwa hakunidanganya." Akamgeukia dalali. "Na wewe mwanangu, asante kwa kuja. Vaa viatu, nyumba hii haiuzwi." Kisha, bila kumtazama Wendell: "Toka nyumbani kwangu."

Habari haikuhitaji kutangazwa. Jumapili iliyofuata, Wendell alipoingia kwenye chumba cha kahawa, mazungumzo yalishuka ghafla, halafu yakapanda tena kwa adabu ya bandia. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angeshukuru. Walimsogezea sukari, wakaongea naye juu ya hali ya hewa, na mchungaji hakumshika bega. Aliondoka mapema, na alipokuwa anavaa koti alimsikia mtu akisema, "Na mimi nilimsifia mbele ya watoto wangu."

Jumamosi alikwenda darasani. Lilikuwa ghala kubwa lenye sakafu ya mpira, na watu kadhaa wamesimama duara na mbwa wao. Turbo alimwingiza kwa kumvuta hadi katikati, akazipita kamba za mbwa wengine chini na juu, ikabidi wote wasubiri zifunguliwe. Muriel, mama mmoja wa kanisani kwake, alikuwepo na kijimbwa cheupe. Tonya aliwataka wajitambulishe, kila mtu aseme amewahi kufundisha mbwa gani.

Wendell alihisi masikio yakimwaka. "Mimi Wendell," alisema. "Sijawahi kufundisha mbwa. Kapteni, yule mliyekuwa mkimsifia, alifundishwa na marehemu mke wangu. Nilikuwa nikimtembeza tu." Muriel aliinama akatazama viatu vyake. Tonya alisema, "Karibu, Wendell. Mpe jibini, asogee pembeni," na darasa likaendelea.

Walikuwa wa mwisho katika kila kitu. Lakini Tonya alimwonyesha namna ya kusimama kila kamba inapokazwa, na kutosogea hata hatua mpaka ilegee, na Wendell akaishika hiyo. Akaanza kutoka kila asubuhi na kila jioni, baridi iwe vyovyote, kushuka hadi njia ya kando ya ziwa. Mwanzoni safari ya kufika kona ya mtaa ilikuwa kazi nzito, maana walisimama kila mara na watu wakiwatazama madirishani. Aliwaacha watazame. Huko chini alimfunga kamba ndefu, Turbo akakimbia mpaka mdomo ukajaa barafu. Mlango wa bafuni ulikoma kuliwa. Siku moja jikoni Wendell alisema "Kaa," kwa sauti ya kawaida tu, akiwa anafikiria mengine, na Turbo akakaa. Wendell alisimama na sufuria mkononi asijue la kufanya. Alitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, na alijua ni kwa nini.

Kutoka kwake kwenda popote lazima apite kwa Bi Inez. Kila alipopita aliliona pazia likifungwa. Dhoruba kubwa ya Machi ilipoanguka, aliamka mapema akaisafisha njia ya yule mama na kumwaga mchanga. Roger akampigia simu kutoka Minneapolis. "Mama anasema usiguse theluji yake." Wendell akasema sawa. Dhoruba iliyofuata alisimama dirishani, akamtazama Bi Inez akisukuma sepetu kwa mkono mmoja na tumbo, pole pole, akipumzika kila baada ya kipande, na akajua kwamba kutazama vile bila kusaidia ndiyo sehemu yake.

Plasta ilitolewa theluji ilipoanza kuyeyuka. Asubuhi moja ya Aprili alimkuta nje, akikusanya majani ya mwaka jana kwa reki, mkono mmoja mwembamba kuliko mwenzake. Safari hii Bi Inez hakuingia ndani. Wendell alisimama mbali, akaifupisha kamba.

"Kaa," alimwambia Turbo. Turbo alikaa, mwili mzima ukimtetemeka kwa hamu ya kwenda kusalimia, lakini alikaa.

Bi Inez aliegemea reki. "Huyo ndiye?"

"Ndiye."

Alimtazama mbwa kwa muda mrefu. "Mdogo. Nilidhani nimegongwa na ng'ombe." Turbo alipiga mkia chini. "Wewe bado sijakusamehe."

"Najua, Bi Inez."

"Sijui kama nitakusamehe. Kuna mambo ulinifanya nijifikirie, hayatoki." Akakwangua majani kidogo, akasimama tena. "Huwa mnapita saa ngapi?"

"Kwenye saa moja."

"Piteni saa mbili. Kabla sijanywa kahawa sitaki kuiona sura yako."

"Sawa," Wendell alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

Bi Inez alikuwa ameshamgeuzia mgongo, amerudi kwenye majani yake. Wendell akalegeza kamba, akaendelea kushuka mlima kuelekea ziwani, kofia ameivuta usoni, mbwa akimvuta kidogo.